Rubani Aliyebaki Ardhini: Kwa Nini Watu Hupenda Ndege za Rimoti

Katika usafiri wa anga wa leo, kazi ya ndege moja imegawanywa miongoni mwa maelfu ya watu ambao aghalabu hawakutani maishani: mhandisi anayelichora bawa haliundi, fundi anayeliunda haliruki, rubani anayeruka nalo haruhusiwi kugusa hata skrubu yake, na anayelikagua usiku hajui lilivyotenda angani mchana ila kwa kusoma yaliyoandikwa daftarini. Mgawanyo huo ndio uliozifanya safari za ndege ziwe salama, wala hakuna sababu ya kutaka uondolewe. Hata hivyo ipo pembe moja ya urukaji ambamo kazi yote, tangu kuchora hadi kutua, bado imo mikononi mwa mtu mmoja, nayo ni ile ya ndege ndogo zinazoongozwa kwa redio, ambazo wengi huziita ndege za rimoti. Anayezitazama kwa mbali huweza kudhani kwamba ni vitu vya kuchezea watoto vilivyowanogea watu wazima, lakini anayesogea karibu hugundua kwamba mwenye ndege ndiye mhandisi wake, fundi wake, mkaguzi wake na rubani wake, na kwamba raha anayoipata hapo ni vigumu kuipata kwingineko bila kuwa na mali nyingi.

Ndege ya rimoti ni ndege kwa kila jambo linalohusu hewa. Ina mabawa yanayoibeba, mkia unaoiweka sawa, na mara nyingi rafadha, yaani pangaboi la mbele linaloivuta, na isipokwenda kwa kasi ya kutosha huanguka kwa sababu zilezile zinazoweza kuiangusha ndege ya abiria. Hapo ndipo inapotofautiana na droni ya mapangaboi manne ambayo siku hizi huonekana kwenye harusi na mikutano ya hadhara. Droni ya aina hiyo hubeba kompyuta na vihisi ambavyo hurekebisha kasi ya kila pangaboi mara nyingi sana kwa sekunde, hata mwongozaji akiachia vijiti vya rimoti chombo hubaki palepale hewani kikimsubiri. Ndege yenye mabawa haimsubiri mtu. Ikiwa imelalia upande wakati vijiti vinaachiwa, huweza kuendelea kulala na kupinda katika mduara unaozidi kubana huku pua ikishuka, mpaka mtu airekebishe au ifike ardhini. Wapo watengenezaji wanaouza ndege za wanaoanza zikiwa na kifaa cha kuzisawazisha zenyewe, nacho kinafaa kwa majuma ya kwanza, lakini mwanafunzi asiyekizima baada ya hapo hujinyima sehemu kubwa ya kile alichokuja kukitafuta.

Uongozaji hufanyika kupitia njia za mawasiliano ziitwazo chaneli, kila chaneli ikibeba amri ya kiungo kimoja. Kwa ndege ya kawaida chaneli nne zinatosha: moja huongeza au kupunguza nguvu za mota, ya pili husogeza kibapa cha mkia mlalo ambacho huinua au kushusha pua, ya tatu hugeuza kibapa cha mkia wima, yaani usukani, na ya nne husogeza kwa pamoja vibapa viwili vilivyo karibu na ncha za mabawa, kimoja kikipanda wakati kingine kinashuka, ili ndege ilalie upande mmoja na kugeuka. Kinachosogeza kila kibapa ni kisanduku kidogo kiitwacho sevo, ambacho katika ndege ndogo huwa na uzito wa gramu 9 hivi, na ambacho kinastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu siri ya mchezo wote imo ndani yake. Mna mota ndogo, giya zinazopunguza kasi yake na kuiongezea nguvu, pamoja na kihisi kinachopima mkono wa sevo umefika pembe gani. Kipokezi cha redio huiletea sevo msukumo wa umeme takriban mara 50 kwa sekunde, na urefu wa msukumo huo ndio amri yenyewe: wa milisekunde 1.5 humaanisha mkono ukae katikati, wa milisekunde 1 uende upande mmoja, na wa milisekunde 2 uende upande wa pili. Sevo hulinganisha pembe iliyoamriwa na pembe iliyopo, huizungusha mota hadi tofauti iishe, kisha huing'ang'ania pembe hiyo hata upepo ukikisukuma kibapa. Kwa hiyo kidole kikisogea kidogo juu ya kijiti, kibapa kilicho mita 200 mbali husogea kidogo, na kidole kikisogea sana nacho husogea sana, na baada ya mazoezi ya kutosha rubani husahau kabisa kwamba kuna rimoti kati yake na ndege.

Ulinganifu huo wa kidole na kibapa haukupatikana upesi. Mwaka 1871 Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha katika bustani ya Tuileries, jijini Paris, ndege ndogo ambayo rafadha yake ilizungushwa na mpira uliosokotwa, nayo ikaenda makumi kadhaa ya mita kwa sekunde 11 ikiwa imetulia yenyewe bila mtu kuiongoza. Mwaka 1898 Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York mashua ndogo iliyotii amri za redio. Ilichukua takriban miaka 40 zaidi kabla ya watu wa kawaida kuweza kuyaunganisha mambo hayo mawili, kwa kuwa redio za wakati huo zilitumia vali za kioo na betri nzito ambazo ndege ndogo haikuweza kuzibeba.

Miongoni mwa waliotangulia kufanikiwa walikuwa mapacha wawili wa Kalamazoo, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, Walter na William Good. Walter alikuwa mjuzi wa kuunda ndege ndogo na William mpenzi wa redio, na kutokana na ujuzi wa hawa ndugu wawili ikazaliwa ndege waliyoipa jina la Guff, yenye mabawa ya mita 2.4 hivi na uzito unaokaribia kilo 4, ambayo ilianza kuruka kwa kutii redio mwaka 1937 na mwaka uliofuata ikawapatia ushindi katika mashindano ya taifa. Tangu mwaka 1960 Guff imo katika hazina ya makumbusho ya Smithsonian. Inafaa kukumbukwa kwamba hapakuwa na duka lililouza chochote cha aina hiyo. Kila waya na kila kibapa kilikuwa wazo la vijana hao kabla ya kuwa kitu.

Hata baada ya vita vya pili vya dunia, wengi waliendelea kwa miaka mingi kutumia redio ya chaneli moja yenye kitufe kimoja, ambayo kwa mtu wa leo ni vigumu kuamini kwamba iliweza kuongoza ndege. Ndani ya ndege mlikuwa na mpira uliosokotwa uliokizungusha kijigurudumu chenye meno, na kila kitufe kilipobonyezwa sumaku ilikiachia kijigurudumu hicho hatua moja: mbonyezo wa kwanza ulipeleka usukani kulia, kuachia kitufe kukaurudisha katikati, mbonyezo wa pili ukaupeleka kushoto. Hapakuwa na kulia kidogo wala kushoto kiasi, na rubani alilazimika kukumbuka mbonyezo uliopita ulikuwa wa upande gani, maana akikosea hesabu ndege ingegeukia upande asioutaka. Kwa chombo hicho watu walipinda, walishuka, na walitua. Redio za ulinganifu, ambazo kibapa hufuata kijiti hatua kwa hatua, zilianza kuenea katika miaka ya 1960, na mazungumzo ya wazee wa mchezo huu kuhusu siku za kitufe kimoja yana fahari ambayo kijana aliyeanza na redio ya kisasa hana budi kuiheshimu.

Wenye mwelekeo wa sayansi huvutiwa zaidi na ukweli kwamba ndege ndogo haifanani kitabia na ndege kubwa iliyopunguzwa vipimo. Urefu wa kila kiungo ukipunguzwa nusu, eneo la bawa hupungua hadi robo, ilhali uzito, ambao hufuata ujazo, hupungua hadi sehemu ya nane. Matokeo yake ni kwamba bawa dogo hubeba mzigo mdogo sana kwa eneo lake. Cessna 172, ndege ya injini moja inayotumika katika vyuo vingi vya urubani duniani, ina uzito wa juu wa kilo 1,111 na eneo la bawa la mita za mraba 16.2, hivyo kila mita ya mraba hubeba karibu kilo 69. Ndege ya rimoti ya mwanafunzi, yenye kilo 1.2 na bawa la mita ya mraba 0.35, hubeba chini ya kilo 3.5 kwa kila mita ya mraba. Ndiyo maana huweza kupaa kwenye majani mafupi baada ya mwendo mfupi na kubaki hewani kwa kasi ya kilomita 30 au 40 kwa saa. Lakini kasi hiyo ndogo ina gharama yake, kwani upepo wa kilomita 20 kwa saa, ambao rubani wa Cessna hautilii maanani sana, ni nusu au zaidi ya mwendo wa ndege ya rimoti, na ikielekezwa kinyume na upepo huonekana kama imesimama, kisha ikigeuka hutoweka upande wa pili kwa haraka inayotisha. Hata mwinuko wa mahali huhesabika: Nairobi, iliyo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ina hewa nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko Mombasa, kwa hiyo rafadha ileile huvuta kwa nguvu pungufu na ndege ileile hulazimika kutua kwa kasi zaidi. Anayejua hayo kutoka kitabuni hujua kitu kimoja. Anayeyaona kwenye ndege aliyoiunda mwenyewe hayasahau.

Vivyo hivyo kuhusu kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo ndege nzima huweza kusawazishwa kwa vidole viwili vilivyowekwa chini ya mabawa. Kwa ndege nyingi mahali hapo huwa kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Betri ikisogezwa mbele kidogo kupita kiasi, ndege huwa nzito upande wa pua na hutii amri kwa uvivu, jambo ambalo halina hatari kubwa. Ikisogezwa nyuma kwa kiasi hichohicho, huanza kurukaruka juu na chini na mara nyingi haimalizi hata mzunguko mmoja. Kwa hiyo kabla ya kila ndege mpya kupaa utamwona mwenyewe ameishika juu ya ncha za vidole, kimya, akitazama kama pua inashuka kidogo inavyotakiwa.

Kuirusha kwenyewe hujifunzwa kwa taabu, na hapana haja ya kuificha. Kikwazo kikubwa cha anayeanza ni pande mbili za mwili wake mwenyewe. Ndege inapokwenda mbali naye, kulia kwake ni kulia kwa ndege, lakini inapogeuka na kumjia, kulia kwa ndege kunakuwa kushoto kwake, na mkono uliozoea kutii macho hufanya kinyume cha kinachotakiwa, ndege hulala zaidi, mkono huzidisha kosa, na kwa sekunde mbili au tatu kila kitu kimekwisha. Walimu wa mchezo huu hutoa dawa mbili. Ya kwanza ni mwanafunzi kugeuza mabega yake yaelekee inakoelekea ndege huku akiichungulia juu ya bega, ili kulia kubaki kulia. Ya pili, ambayo hudumu maisha yote, ni kusukuma kijiti upande ule ambao bawa limeshuka wakati ndege inamjia, kana kwamba kijiti kinalitegemeza lisianguke. Baada ya majuma kadhaa hesabu hiyo hutoweka akilini. Rubani haulizi tena kulia ni wapi, kwa sababu kwa namna fulani amehamia ndani ya ndege.

Uhamaji huo ndio kiini cha raha inayosimuliwa na karibu kila mpenzi wa ndege za rimoti. Mtoto anayerusha kishada ufukweni hupata habari za upepo kupitia uzi, ambao hukaza na kulegea kiganjani mwake. Rubani wa rimoti hana uzi. Hahisi mtikisiko wala uzito, na hana saa ya kumwonyesha kasi, kwa hiyo lazima avisome vyote kwa macho: bawa linavyotetemeka, sauti ya rafadha inavyobadilika, pua inavyokawia kushuka baada ya kuamriwa. Dalili muhimu kuliko zote ni ile ya bawa kukaribia kushindwa. Bawa hubeba ndege maadamu hewa inapita juu yake bila kuachana nalo, na hewa huachana nalo pale pua inapoinuliwa mno wakati mwendo ni mdogo. Hilo ndilo kosa linalovunja ndege nyingi za wanaoanza, kwani mtu anayeiona ndege yake ikishuka karibu na miti huvuta kijiti ili aiinue, na kwa kuivuta huifanya ianguke. Kujizoeza kufanya kinyume cha hofu, yaani kuiachia pua ishuke ili kasi irudi, ni mafunzo ya akili kabla ya kuwa ya mikono. Ndege ya betri hukaa hewani kwa kati ya dakika 8 na 15 hivi, na katika dakika hizo hakuna nafasi ya kuwaza deni, kazi wala ugomvi wa nyumbani, kwa sababu wazo lolote la pembeni hulipwa kwa ndege. Watu wenye kazi za kuchosha husema kwamba hutoka uwanjani wamepumzika kuliko waliolala mchana kutwa, na dai hilo ni rahisi kuliamini.

Kabla ya uwanja ipo meza ya kazi, na wako wanaoipenda meza kuliko uwanja. Ndege za bei nafuu siku hizi hutengenezwa kwa povu gumu, la jamii ya lile linalozungushiwa televisheni ndani ya boksi, na zinapovunjika hugandishwa kwa gundi ndani ya dakika chache na kurudi hewani asubuhi ileile. Ndege za kienyeji zaidi, zile zinazoshikilia mapokeo, huundwa kwa balsa, mbao nyepesi mno ambayo sehemu kubwa hutoka Ekwado, kutoka kwenye mti unaokua haraka kiasi kwamba huweza kuvunwa baada ya miaka michache tu. Mbao hiyo hukatwa kwa wembe, na mita ya ujazo ya ile ya kawaida ina uzito wa kilo 160 hivi, takriban sehemu ya sita ya uzito wa maji ya ujazo huohuo. Mchoro hutandazwa juu ya ubao ulionyooka, mbavu za bawa hubandikwa moja baada ya nyingine juu ya mistari yake na kushikiliwa kwa pini mpaka gundi ikauke, kisha mifupa yote husuguliwa kwa msasa mpaka mkono ukipita juu yake usikwame popote. Mwishoni huvalishwa utando mwembamba wa plastiki unaogandishwa kwa pasi: joto la kiasi huushikiza kwenye kingo, na joto kali zaidi huufanya ujivute na kukaza, mikunjo yote ikatoweka mbele ya macho ya fundi. Kazi hiyo huchukua jioni nyingi, na huweza kuharibika kwa sekunde moja. Bado mtu aliyeiharibu hurudi mezani, hutafuta ubavu gani ulianza kukatika na kwa nini, na bawa la pili huwa bora kuliko la kwanza. Kuna wanaokwenda mbali zaidi na kuunda nakala za ndege za kihistoria zenye kila ripiti na kila alama ya rangi, ingawa wengi wao huzirusha kwa nadra, na kwa huzuni inayoeleweka.

Pengine ujuzi wa kusoma hewa haudhihiriki popote kama kwa wanaorusha glaida, yaani ndege zisizo na injini. Glaida hushuka daima ndani ya hewa inayoizunguka, kwa hiyo ili ikae juu lazima itafutiwe hewa inayopanda yenyewe. Ardhi kavu, mabati na mashamba yaliyolimwa hupata joto la jua haraka kuliko majani na maji, na hewa iliyo juu yake huinuka kwa mkondo. Mwewe na tai wanaozunguka bila kupiga mabawa huwa ndani ya mkondo wa namna hiyo, nao ndio kielekezi cha kwanza cha rubani. Kielekezi cha pili ni glaida yenyewe: bawa moja likiinuka bila kuamriwa, mkondo uko upande huo, na rubani huigeuza upesi kuelekea huko. Mtu aliyeirusha glaida yake kwa mkono na kuiona ikipanda mpaka imekuwa nukta, bila tone la mafuta, hupata hisia ambayo mwenye injini haipati.

Upo pia upepo wa mlimani, unaogonga mteremko na kupanda, na juu yake glaida huweza kwenda huku na huko kutwa nzima. Nyuma ya kilele hali hubadilika: juu upepo unapita kwa kasi, chini yake hewa imetulia, na glaida inayozunguka ikivuka mpaka wa tabaka hizo mbili huongeza kasi katika kila mzunguko, kwa kanuni inayofanana na ile inayowawezesha ndege wa bahari waitwao albatrosi kusafiri masafa marefu bila kupiga mabawa. Mwezi Januari 2021, kwenye mlima Parker katika jimbo la California, glaida ya rimoti isiyo na injini ya aina yoyote ilipimwa ikienda kilomita 882 kwa saa, mwendo unaokaribiana na ule wa ndege ya abiria ya masafa marefu.

Ingawa kazi yote imo mikononi mwa mmoja, mchezo huu haukuwahi kuwa wa upweke, na sababu mojawapo ni ya kiufundi. Redio za zamani zilitumia masafa machache yaliyotengwa, na watu wawili wakiwasha rimoti za masafa mamoja, ndege iliyoko hewani ilianguka bila shaka yoyote. Kwa hiyo katika viwanja vingi paliwekwa ubao wenye vibanio vya nambari, na asiye na kibanio cha nambari yake mkononi hakuruhusiwa kuwasha. Waliosubiri kibanio walikaa pamoja, wakatazamana kazi, wakakosoana, wakaazimana gundi. Kuanzia takriban mwaka 2005 zilienea redio za gigahezi 2.4, ambazo kila rimoti hufungamanishwa na kipokezi chake na hazikanyagani, na ubao ukapoteza kazi yake. Mazoea ya kukaa pamoja yakabaki. Chama cha Marekani, Academy of Model Aeronautics, kilichoanzishwa mwaka 1936, na Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Anga, FAI, lililoanzishwa mwaka 1905, vimeupa mchezo kanuni, madaraja na rekodi, lakini elimu yenyewe bado hupita kutoka mdomo hadi sikio, pembeni mwa uwanja.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki anayetamani kuanza, sheria ndiyo hatua ya kwanza. Mamlaka za usafiri wa anga za Kenya na Tanzania, KCAA na TCAA, husimamia vyombo vyote visivyo na rubani ndani, na ni busara kuuliza juu ya usajili na kibali kabla ya kununua chochote, sembuse kukiingiza nchini kutoka nje. Kinachofuata ni uwanja ulio wazi, mbali na viwanja vya ndege, nyaya za umeme na watu, pamoja na desturi ya kutoiruhusu ndege ipotee machoni. Pwani, asubuhi na mapema kabla upepo wa bahari haujashika kasi ndio wakati wa mwanafunzi. Rafadha huzunguka maelfu ya mara kwa dakika na hukata kidole bila kusita. Betri za lithiamu zikichajiwa vibaya au zikitobolewa huweza kuwaka, kwa hiyo hazichajiwi bila mtu wa kuzitazama. Ambaye hana fedha za kuvunja ndege hufanya vyema kuanza na programu ya kompyuta ya mazoezi, ambayo humfundisha mkono ile hesabu ya kulia na kushoto bila gharama. Ujuzi huo hauishii uwanjani: ndege ndogo za povu, zilizorushwa kwa mkono, zilitumika katika mradi wa kuchora ramani za Unguja na Pemba ulioanza mwaka 2016, na mwaka huohuo ndege ndogo zenye mabawa zilianza kupeleka damu hospitalini nchini Rwanda. Anayejua kitovu cha uzito kwa vidole vyake ana la kusema mbele ya vyombo hivyo.

Mfano unaoonyesha kwa ukamilifu zaidi mchezo huu unaweza kumfikisha mtu wapi ni ule wa Mmarekani Maynard Hill, mtaalamu wa metali aliyezishikilia rekodi nyingi za dunia za ndege ndogo na ambaye uzeeni alijiwekea lengo la kuvuka bahari ya Atlantiki. Kanuni za rekodi zilimzuia kuzidi kilo 5, mafuta yakiwa ndani ya hesabu. Aliunda ndege ya balsa yenye mabawa ya mita 1.8 hivi, injini ndogo ya mipigo minne aliyoirekebisha kwa miaka ili inywe mafuta kwa kipimo kidogo iwezekanavyo, na tangi ambalo halikufikia lita 4. Majaribio ya kwanza yalipotea baharini. Wakati huo Hill alikuwa na miaka 77, macho yake yalikuwa karibu yamekufa na masikio yake yalisikia kwa shida, hivi kwamba mabawa aliyaunda kwa kupapasa na ndege yake ikiwa hewani hakuweza kuiona. Kazi ambayo kwa miaka mingi aliifanya peke yake sasa ilihitaji macho ya wenzake, nao wakampa.

Tarehe 9 Agosti 2003, katika rasi ya Cape Spear, Newfoundland, nchini Kanada, Hill aliirusha ndege hiyo kwa mkono wake, mwenzake akaipandisha kwa rimoti, kisha kifaa cha kujiongoza kinachofuata setilaiti kikaichukua kuelekea mashariki, takriban kwa njia ya Alcock na Brown, Waingereza waliovuka kwa mara ya kwanza bila kutua mwaka 1919. Saa 38 na dakika 52 baadaye, baada ya kilomita 3,030 hivi, ilionekana juu ya pwani ya Ireland karibu na mji wa Clifden, tangi likiwa karibu tupu. Dave Brown, aliyekuwa rais wa Academy of Model Aeronautics, alikuwa akiisubiri na rimoti mkononi. Aliizimia kifaa cha kujiongoza, akaigeuza, akaitua, na Hill, aliyebaki ng'ambo ya pili ya bahari, akaletewa habari kwa simu.